Pampu inanguruma, filta inaziba, jenereta inafuka moshi: kusoma dalili za mitambo ya mafuta kabla haijazima

Pampu ya mafuta ikifa Dar es Salaam, fundi anatuma kijana kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, na jioni mashine inafanya kazi. Ikifa Kigoma, spea inapanda basi au lori, na kwa reli ya kati kutoka Dar mpaka Kigoma ni kama kilomita 1,250. Sili (kizibio cha kuzuia mafuta yasivuje kwenye shafti) ya vipimo vya pekee inaweza kusubiriwa wiki nzima huku foleni ya malori ikifika barabarani. Ndiyo maana kwa bohari na vituo vya mafuta vya Tabora na Kigoma, kubadilisha kifaa "kila baada ya saa kadhaa" hakutoshi. Mashine inatakiwa ifuatwe kwa hali yake, na kila dalili ijibiwe kwa maswali mawili: inaniachia muda gani kabla ya kuzima, na spea inachukua muda gani kufika? Jibu la pili likiwa kubwa kuliko la kwanza, umeshachelewa hata kama mashine bado inazunguka.

Beringi ndiyo mfano mzuri. Ikianza kuchubuka, mtetemo wake unabadilika wiki au hata miezi kabla. Joto linakuja baadaye sana, na kelele ya kusikika kwa sikio tupu ndiyo ya mwisho. Anayesubiri kelele ndipo aagize beringi kutoka Dar amejipangia kufunga kituo.

Kuna kazi moja ya kufanya kabla dalili yoyote haijatokea. Pima mashine ikiwa nzima. Weka alama ya rangi kwenye nyumba ya beringi, mbele na nyuma, upande wa mota na upande wa pampu, ili kila anayepima aguse palepale. Andika mtetemo, joto, presha ya kuvuta na ya kusukuma, na ampea za kila fezi. Pima ikiwa na mzigo uleule na, ikiwezekana, saa ileile. Kipimo kimoja pekee hakisemi kitu; kinachosema ni tofauti kati ya cha leo na cha mwezi uliopita. Daftari la mistari linatosha kabisa. Nimeona bohari zenye programu ya gharama ambayo hakuna anayeijaza, na kituo kidogo cha Urambo chenye daftari lililochakaa linalojibu kila swali.

Tahadhari inayohusu yote yatakayofuata: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo na mitaro. Simu, kipima mtetemo au thamometa ya kumulika ambayo haikutengenezwa kwa maeneo ya hatari isikaribie sehemu yenye harufu ya petroli. Ukisikia harufu, tafuta inapotoka kwanza, vipimo vitasubiri.

"Inanguruma kama inasaga kokoto, na mafuta yanakuja kwa kukatika"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, hasa Tabora, na hasa mwezi wa Oktoba.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni chekeche la upande wa kuvuta kuziba. Ya pili ni valvu ambayo mtu hakuifungua yote baada ya kusafisha. Ya tatu ni hewa kuingia kwenye bomba la kuvuta kupitia gasketi iliyokauka au futi valvu (valvu ya mwisho wa chini wa bomba, inayozuia mafuta yasirudi) isiyokaa vizuri. Ya nne ni petroli yenyewe kugeuka mvuke ndani ya bomba. Pampu iliyolika impela, yaani gurudumu la ndani linalosukuma mafuta, iko mwisho wa orodha, ingawa ndiyo watu wengi wanayoitaja kwanza, wakaagiza pampu mpya, na pampu mpya ikanguruma vilevile.

Hiyo ya nne inahitaji maelezo, kwa sababu vitabu vingi vya mashine vimeandikwa kwa ajili ya watu walio usawa wa bahari. Pampu ya juu ya ardhi haivuti mafuta kama tunavyosema. Inapunguza presha kwenye bomba, kisha hewa ya nje inayakandamiza mafuta ndani ya tanki na kuyapandisha. Tabora mjini ni kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni karibu kilopaskali 88 badala ya 101 za pwani. Kigoma kando ya ziwa, kwenye mita 770 hivi, ni karibu 92. Kwa hiyo tangu asubuhi pampu ya Tabora imeshapungukiwa na zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu ya kupandishia. Ongeza jua la saa nane mchana juu ya bomba lililo wazi: petroli inachemka ndani ya bomba, viputo vinaingia kwenye impela, vinapasuka kwa nguvu, na ndiyo hiyo kokoto unayoisikia. Kila kipasuko kinamega chembe ya chuma.

Anza kwa kuuliza saa. Asubuhi inafanya vizuri na mchana inakatika? Shuku mvuke. Inakatika kutwa nzima? Shuku chekeche au hewa. Kisha iangalie pampu ya dizeli iliyo jirani. Dizeli haigeuki mvuke kirahisi hivyo, kwa hiyo nayo ikikatika, tatizo lake si jua.

Halafu soma geji ya upande wa kuvuta. Kama haipo, iwekwe. Ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa mabishano mengi. Mvuto ukiwa mkubwa kuliko ulioandikwa siku ya afya, kuna kizuizi: chekeche, valvu, au bomba lililobonyea. Mvuto ukiwa mdogo na mafuta yakaja na mapovu, kuna hewa inaingia, au pampu yenyewe imelika.

Marekebisho yanafuata hapo. Safisha chekeche, fungua valvu yote, badilisha gasketi. Kwa mvuke, fukia bomba au lijengee kivuli, lipake rangi nyeupe, punguza kona. Pampu kubwa ya impela unaweza kuibana kidogo upande wa kusukuma ili kiasi kinachopita kipungue. Kamwe usibane upande wa kuvuta. Kituo kinachosumbuliwa na hili kila mwaka, mimi naona kiache kupoteza pesa na kihamie pampu ya kuzamishwa ndani ya tanki, ambayo inasukuma kutoka chini na haitegemei hewa ya Tabora kwa lolote.

Simama hapa: mafuta yakikatika kabisa, zima. Sili inapozwa na mafuta hayohayo, na ikizunguka kavu inaungua kwa muda wa dakika.

"Inatetemeka kuliko zamani"

Kwa mashine za kati ya kilowati 15 na 75, kiwango cha kimataifa cha ISO 10816, ambacho sasa nafasi yake imechukuliwa na ISO 20816, kilikubali mtetemo wa mpaka milimita 2.8 kwa sekunde kwa kazi ya muda mrefu. Kati ya 2.8 na 7.1 ni ya kuvumilia kwa muda tu, na zaidi ya 7.1 ni ya kuharibu. Kwa mota ndogo zisizozidi kilowati 15, mipaka ni 1.8 na 4.5. Namba hizo ni za kuanzia tu. Pampu iliyokaa kwenye 3.0 miaka miwili bila kubadilika hainitii hofu kama ile iliyotoka 1.2 ikafika 2.4 ndani ya mwezi, ingawa hiyo ya pili bado iko "ndani ya kiwango".

Anza na bolti za msingi. Kweli, anza hapo. Nati iliyolegea na zege iliyopasuka chini ya fremu ndizo zinazoongoza, na zinaonekana kwa macho. Zifuatazo ni kapolingi (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu) iliyopoteza mstari, mguu mmoja wa mota usiokaa sawasawa, bomba linalovuta pampu upande, impela iliyobeba uchafu au iliyolika upande mmoja, na beringi.

Mwelekeo wa mtetemo unasaidia kutenganisha. Ukiwa mkubwa kwa kufuata urefu wa shafti, kapolingi haiko kwenye mstari. Ukiwa mkubwa wa juu na chini, msingi umelegea. Ukiwa mkubwa wa ubavuni na unafuata mzunguko mmoja kwa mmoja, kuna uzito usio sawa kwenye impela. Beringi ina tabia yake: kalamu ya kawaida ya kupimia mtetemo inaweza isioneshe kitu mwanzoni, huku ile yenye kipimo cha masafa ya juu ikionesha kupanda wiki nyingi kabla.

Mguu usiokaa sawasawa ndio unaosahaulika. Mashine ikiwa imezimwa na umeme umefungwa kwa kufuli, weka saa ya kupimia (geji ya sindano inayosoma sehemu ndogo za milimita) juu ya mguu mmoja, legeza bolti yake tu, uangalie sindano. Ikiruka zaidi ya milimita 0.05, mguu huo ulikuwa umekazwa kwa nguvu na fremu imepinda. Weka kipande cha bati chembamba cha kipimo, kaza, nenda mguu wa pili. Ukinyoosha kapolingi kabla ya kumaliza miguu yote minne, utainyoosha tena wiki ijayo.

Kulegeza flenji (maungio ya bomba yanayofungwa kwa bolti) ili kuona kama bomba linavuta pampu si kazi ya kijana wa pampu. Bomba la petroli likifunguliwa bila kumwagwa na kutengwa ni moto unaosubiri cheche. Mwite fundi mwenye kibali cha kazi hiyo. Jambo jingine: mota za kuzuia mlipuko zimefungwa kwa bolti nyingi kwa sababu maalumu. Kila bolti inahesabika. Kifuniko kilichokosa bolti moja, au kilichopakwa silikoni "ili maji yasiingie", hakizuii mlipuko tena, na mota hiyo isiwashwe.

"Beringi inachemka" au "mota inachemka"

Grisi nyingi ndiyo chanzo cha kwanza, na inawashangaza watu. Mlinzi wa zamu anasikia joto, anaongeza grisi, joto linapanda, anaongeza tena. Grisi iliyojaa inakandwa na mipira ya beringi na kuzalisha joto lenyewe. Toa kizibo cha kutolea, iache izunguke mpaka ziada itoke, kisha pima tena baada ya saa moja au mbili. Sababu ya pili ni kuchanganya grisi za aina mbili zisizopatana. Zinalainika na kuvuja. Andika jina la grisi kwenye mashine yenyewe, kwa rangi.

Thamometa ya kumulika inadanganya kwenye chuma kinachong'aa: inasoma chini kuliko hali halisi. Bandika kipande cha utepe mweusi au paka doa la rangi nyeusi, umulike hapo kila siku.

Mota ikichemka yenyewe huku beringi zikiwa sawa, pima volti za fezi zote tatu jioni, watu wanapowasha taa na majiko. Tofauti ya asilimia 1 kwenye volti inaweza kuleta tofauti ya asilimia 6 mpaka 10 kwenye ampea. Tofauti ya volti ikifika asilimia 5, zima na uwaite watu wa umeme. Kuongeza kipimo cha kikinga-mzigo (kifaa kinachoikata mota ikivuta umeme kupita kiasi) ili mota isikatike ni kuiunguza kwa hiari.

"Inadondosha kwenye sili"

Hapa ni kifupi. Pampu ya maji yenye kamba za kuzibia inaruhusiwa kudondosha matone. Pampu ya petroli hairuhusiwi. Ukiona unyevu, angalia kwanza kama unatoka kwenye sili kweli au kwenye gasketi ya juu na kuteremka. Ukitoka kwenye sili, tafuta kilichoiua: kuzunguka kavu, mtetemo, au mchanga uliopita kwenye chekeche lililotoboka. Sili mpya juu ya shafti inayotetemeka haitadumu. Petroli ikitoka kwa matone mfululizo, zima pampu, tenga valvu pande zote, zuia magari.

"Filta zinaziba haraka, juzi tumebadilisha"

Usibadilishe nyingine kabla ya kuifungua ile ya zamani na kuitazama.

Kutu na matope ya kahawia maana yake ni maji chini ya tanki. Utelezi mweusi au wa kijani wenye harufu mbaya kwenye dizeli ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Mchanga ni wa nje: kifuniko cha shimo la kujazia, au hosi iliyoburutwa chini. Filta safi kabisa lakini mafuta hayapiti? Rudi kwenye dalili ya kwanza, tatizo si filta.

Maji yanaingia kwa njia tatu hasa. Mvua za kuanzia Novemba zinajaza shimo la kujazia, na mpira wa kifuniko ukiwa umekufa, yanashuka ndani. Tanki lisilojaa linapumua: mchana linatoa, usiku linavuta hewa yenye unyevu inayoganda kuwa maji kwenye kuta. Na mzigo wenyewe unaweza kuja nayo, kwa lori au kwa behewa. Paka dawa ya kupimia maji kwenye ncha ya kijiti, shusha mpaka chini, usome rangi. Chukua sampuli ya chini kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie: mafuta mazuri yanaonekana angavu bila ukungu. Fanya hivyo kabla ya kupokea mzigo na baada yake, uandike, maana bila kipimo cha kabla, ubishi na dereva hauishi.

Baada ya kupokea mzigo, mashapo ya chini yanakuwa yamevurugwa. Yaache yatulie kabla ya kuanza kuuza. Kwenye tanki kubwa la bohari, subiri angalau nusu saa kabla ya kushusha chochote cha chuma kupimia, kwa sababu mafuta yanayotiririka yanajichaji umeme tuli na chaji inahitaji muda kuisha.

Filta zenye geji mbili, moja kabla na moja baada, zifuatwe kwa tofauti ya presha, mafuta yakipita kwa kiasi kilekile. Tofauti ikipanda polepole, filta inafanya kazi yake. Ibadilishe ikifika kikomo cha mtengenezaji, ambacho kwa filta nyingi za bohari ni karibu bar moja. Tofauti ikishuka ghafla, usifurahi. Filta imechanika au haikukaa vizuri, na uchafu unapita moja kwa moja kwenda kwenye matanki ya wateja.

Vijidudu vikishaenea, dawa ya kuua inatibu nusu tu. Mizoga yake inaendelea kuziba filta mpaka tanki lisafishwe. Na hapa ndipo pa kusimama kabisa: mtu asiingie ndani ya tanki. Hata lililokauka wiki nzima lina mvuke kwenye kutu na mashapo. Kazi hiyo ni ya timu yenye kipima gesi, hewa ya kupumua, mwangalizi mlangoni na kibali kilichoandikwa.

Jenereta: moshi, na oili inayoongezeka

Tangu umeme wa gridi ufike sehemu kubwa ya mkoa wa Kigoma, majenereta mengi yaliyozoea kubeba mzigo kutwa yamebaki ya akiba. Matatizo yake yamebadilika pia. Jenereta inayowashwa dakika kumi kila Jumatatu bila mzigo haipati joto la kutosha. Dizeli isiyoungua inalowesha bomba la moshi na kuosha oili kwenye silinda. Utaona moshi mweupe na ute mweusi kwenye maungio ya bomba la moshi. Dawa yake ni kuipa mzigo wa kweli, zaidi ya asilimia 30 ya uwezo wake, mpaka ipate joto la kazi.

Moshi mweusi: filta ya hewa kwanza, halafu mzigo uliozidi, halafu injekta. Kumbuka urefu wa mahali: injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo Tabora jenereta iliyoandikwa kilowati 100 usiitegemee kwa zaidi ya 88 hivi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Turbo au ringi.

Oili ikipanda kwenye kijiti bila mtu kuongeza, usiwashe. Inuse. Ikinuka dizeli, injekta au pampu ya dizeli inavujia ndani. Ikiwa na rangi ya maziwa, kuna maji. Dondosha tone dogo juu ya kipande cha bati kilichopashwa moto mbali na mafuta: likichachatika, maji yamo.

Sampuli ya oili ikipelekwa maabara Dar inaeleza mengi: silikoni ikipanda pamoja na chuma, vumbi la barabara linapita filta ya hewa na linasaga silinda, shaba ikipanda, bushi zinalika. Ichukuliwe injini ikiwa ya moto, kutoka palepale kila mara, kwenye chupa safi, na saa za injini ziandikwe. Bila saa, majibu ni mapambo. Wakati ukisubiri basi lirudi na majibu, tone moja kwenye karatasi ya filta linatosha kukupa fununu: doa jeusi la katikati lenye ukingo mkali maana yake oili imeshindwa kubeba masizi.

"Hesabu hazikai sawa"

Kabla ya kumshuku kijana wa zamu, hesabu joto. Petroli inapungua kwa karibu lita moja kwa kila lita elfu kwa kila nyuzi moja inayopoa. Lita 10,000 zilizopokewa mchana na kupoa nyuzi 10 zitaonesha pungufu la kama lita 100, na hakuna aliyeiba. Kisha kagua kijiti na jedwali la tanki, kisha mita. Lakiri ya Wakala wa Vipimo isikatwe na mtu wa kituo kwa sababu yoyote. Anayerekebisha mita ni fundi aliyesajiliwa, na Wakala anafunga tena.

Pungufu likijirudia kila siku, kwa tanki moja tu, hata usiku pampu zikiwa zimezimwa, chukulia kuwa tanki au bomba linavuja ardhini. Acha kuuza kutoka tanki hilo, usilijaze, angalia visima na mitaro ya jirani kama ina harufu, toa taarifa EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na kukiwa na harufu kali mahali penye watu piga zimamoto 114.

Unapompigia fundi aliye Tabora nawe uko Kasulu, usimwambie tu "pampu imegoma". Mwambie namba ya bamba la mashine, ilianza lini na saa ngapi za siku, nini kilibadilishwa mwisho, na umsomee vipimo vya leo na vya siku ilipokuwa nzima. Mara nyingi atajua sili au beringi ipi aifunge kwenye mfuko kabla hajapanda gari. Na ukishatengeneza, wapigie wenzako wenye pampu ya aina ileile Kibondo na Kaliua uwaambie kilichokuwa kimeharibika, maana yao ilinunuliwa mwaka uleule.